Mawaridi Katika Nchi Kavu ya Mwingi

Mwaridi ni mti wa fahari. Watu wa pwani wameujua tangu zamani, na jina lake wamelipata kutoka kwa Waarabu. Marashi ya mawaridi yaliletwa kwa vyombo kutoka Oman na Uajemi, yakanyunyizwa kwa mrashi juu ya wageni wa arusi. Siku hizi Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza mawaridi mengi sana ng'ambo, na mashamba yake makubwa yako Naivasha, Thika na sehemu nyingine zenye maji ya kutosha. Lakini Mwingi si Naivasha. Naivasha iko kando ya ziwa, yapata mita 1,880 juu ya bahari, na usiku wake ni wa baridi. Mji wa Mwingi uko karibu mita 1,000 tu, jua lake ni kali, na mito ya nchi hiyo, kama Tyaa na Enziu, haina maji ya kutiririka ila wakati wa mvua.

Kwa hiyo mwenye nyumba wa Mwingi anayetamani bustani ya mawaridi hukutana na swali moja kabla jembe halijagusa udongo. Katika miezi ya kiangazi maji huchimbwa katika mchanga wa mto, yakapakiwa juu ya punda, au yakabebwa mgongoni na akina mama kwa mwendo mrefu. Je, ni haki maji hayo yamwagiwe ua?

Jibu ni kwamba si haki. Debe lililotoka mtoni kwa taabu ni la kunywa, la kupikia na la mifugo. Bustani nzuri ya Mwingi ni ile isiyodai hata debe moja la namna hiyo. Huishi kwa maji ambayo nyumba imekwisha kuyatumia, na kwa mvua iliyodakwa na paa. Mtu akilikubali sharti hili ataona kwamba sharti lenyewe ndilo linalomchorea bustani: humwambia apande miti mingapi, aipande wapi, na nafasi iliyobaki aijaze nini.

HESABU KABLA YA JEMBE

Mwaridi uliokwisha kushika mizizi, ukifunikwa shinani kwa majani makavu, huweza kutosheka kwa debe moja la lita 20 kwa juma wakati wa jua. Maji hayo yatolewe kwa mara mbili, nusu debe kila mara, ili yazame chini. Kunyunyiza kidogo kidogo kila siku huita mizizi ije juu, na mizizi ya juu huungua upesi.

Tuseme nyumba ina watu sita, na kila siku humwaga debe moja la maji ya kunawia, ya kuoshea mboga na ya kusuuzia vyombo. Hayo ni madebe saba kwa juma. Yakitolewa mawili kwa ajili ya yanayopotea na ya siku za uhaba, hubaki matano. Basi nyumba hiyo yaweza kutunza miwaridi mitano, wala si kumi. Wahenga wamesema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli, lakini mahali pa kuyamwaga paweza kuchaguliwa.

Yapo maonyo mawili. Maji mazito ya sabuni ya unga yasimwagwe shinani, kwa sababu chumvi zake huharibu udongo; yatumike yale ya kusuuzia. Tena mti mmoja usipewe maji yaliyotumika siku zote. Mvua na maji ya paa yaujie mara kwa mara yausafishe udongo.

Na paa lina hesabu yake. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Paa la bati lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5 lina mita za mraba 40. Ikinyesha mvua ya milimita 25, hudaka lita 1,000. Hata ikipotea sehemu ya tano, hubaki lita 800, yaani madebe 40. Maji hayo kwanza ni ya watu. Lakini tangi likijaa, yanayofurika yaongozwe kwa mfereji hadi bustanini, badala ya kuachwa yachimbe korongo uani.

NYUMBA YA KARANI AU MWALIMU

Nyumba nyingi za watumishi wa serikali zina umbo la mstatili, paa la bati, na uwanja mdogo mbele ya mlango. Watu wengi hupenda kupanda maua kandokando ya njia, kutoka lango hadi kizingiti. Mpango huo hupendeza machoni, lakini humlazimu mtu kutembea na ndoo toka mwaridi mmoja hadi mwingine, na kila mti hukaa peke yake katika udongo wa moto.

Ni afadhali kufanya tuta moja tu, upande wa mashariki wa nyumba. Huko miti hupata jua la asubuhi, nalo jua la alasiri huzuiwa na nyumba yenyewe. Tuta liwe mita moja au zaidi kutoka ukutani, kwa maana ukuta uliopakwa chokaa hurudisha joto, na maji ya karibu mno hudhoofisha msingi na kuita mchwa. Miwaridi mitano, ikiachana kwa hatua moja, hutosha kulijaza. Rangi moja katika tuta moja hupendeza kuliko rangi tano zinazogombana. Nyeupe na manjano huonekana vyema juu ya udongo mwekundu, na mawaridi meupe huendelea kuonekana hata magharibi, wakati watu wameketi nje. Mwaridi wenye harufu zaidi upandwe mkabala wa dirisha.

MUSYI WA MKULIMA

Katika boma la Mkamba, ambalo huitwa musyi, zimo nyumba kadhaa, ghala, zizi na jiko, na mbele yake pana thome, mahali ambapo wazee huketi na kupokea wageni. Nafasi ni kubwa, lakini maadui nao ni wengi: mbuzi hula chipukizi, na kuku hufukua mizizi. Bustani isiyo na ua wa kuizuia ni chakula cha mbuzi tu. Matawi ya mgunga yenye miiba huzuia vizuri, na kwa ua wa kudumu yafaa minyaa, ambayo huota kwa vipandikizi na kustahimili ukame. Hata hivyo utomvu wake hudhuru macho, kwa hiyo ipandwe mbali na mahali pa watoto kuchezea.

Katika boma la namna hii tuta la miwaridi liwe karibu na jiko, maana huko ndiko maji yaliyotumika yanakotoka. Wengine wangetaka kulipeleka thome, mgeni alione kwanza. Lakini bustani iliyo mbali na maji hutunzwa kwa juma la kwanza tu. Thome ipambwe kwa mti wa kivuli na maua ya porini yasiyodai maji, nao mgeni atayaona mawaridi atakapokaribishwa ndani.

Kama boma liko mtelemkoni, hekima ya fanya juu yafaa kutumiwa. Njia hiyo, iliyoenea katika Machakos tangu miaka ya 1950, ni kuchimba mtaro kukingama na mtelemko na kuutupa udongo upande wa juu, ili mvua isimamishwe na kuzama. Kwa bustani ndogo hutosha kinga ya udongo yenye umbo la mwezi mchanga, iliyowekwa upande wa chini wa kila mwaridi. Kinga hiyo hukusanya mvua ya mita kadhaa na kuipeleka kwenye shina moja.

NYUMBA YA DUKA

Mjini, katika nyumba zilizopangwa kwa safu nyuma ya maduka, mara nyingi hakuna udongo, ila saruji na ukuta. Hata hapo mwaridi hukaa vizuri katika debe au pipa lililokatwa, lenye kina cha sentimita 40 au zaidi na matundu chini. Vyombo vya bati hushika joto sana, kwa hiyo vipakwe rangi nyeupe au vizungushiwe gunia, na vikusanywe pamoja ili kila kimoja kikitie kingine kivuli. Mwaridi wa debeni hukauka upesi kuliko wa ardhini. Mwenye nafasi hii apande miwili au mitatu tu, naye achague aina fupi. Sahani za chini zisiachwe na maji, kwa sababu mbu huzaa humo.

KUPANDA NA KUTUNZA

Katika Ukambani mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi kuliko zile za Machi hadi Mei. Kwa hiyo shimo lichimbwe Septemba, na mti upandwe mara mvua inaposhika. Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 50 hivi, lijazwe udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyokwisha kuoza. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Asiyetaka kununua miche aweza kuomba kipandikizi kwa jirani: tawi lililokomaa, lenye unene wa kalamu ya risasi na urefu wa sentimita 20. Lizikwe theluthi mbili katika kivuli na liwekewe unyevu. Likifanikiwa, hushika mizizi kwa muda wa miezi miwili hivi. Matawi kumi yakitiwa ardhini si ajabu yakapona manne.

Mti ukishakua, maua yaliyonyauka yakatwe, na matawi makavu yapogolewe kidogo juu ya jicho linalotazama nje, ili upepo upite katikati. Wakati wa kiangazi utitiri mwekundu hujificha chini ya majani; majani hayo yaoshwe kwa maji asubuhi. Majani makavu ya kufunika udongo yasiguse shina, kwani mchwa hupandia hapo.

Nafasi iliyobaki isijazwe miwaridi mingine, bali mimea ya nchi yenyewe. Uko shubiri, ambao Wakamba huuita kiluma, wenye maua marefu yanayopendwa na nyuki. Uko pia mmea wa porini uitwao waridi la jangwani, wenye shina nene linaloweka maji na maua ya rangi ya waridi. Si mwaridi wa kweli, na utomvu wake ni sumu, lakini huchanua pasipo mtu kuutia maji. Bogenvilea nayo, ikishashika mizizi, hupamba ukuta mzima kwa mvua tu.

Iko miaka ambayo mvua hukosa kabisa, kama ilivyotokea 1984, na tena katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ukaendelea hadi 2023. Katika mwaka kama huo mwenye bustani asione haya kupunguza theluthi ya matawi, kuondoa vitumba vyote, na kuupa kila mti nusu debe tu kwa juma. Hautatoa maua, lakini mizizi yaweza kuishi. Na kama hata nusu debe hilo lahitajika kwa ng'ombe, apewe ng'ombe. Mwaridi uliotokana na kipandikizi hurudishwa kwa kipandikizi, mradi jirani mmoja amebaki na mti. Kwa sababu hiyo, mwenye mawaridi mengi hufanya vyema kuwagawia wenzake matawi katika mwaka wa neema.