Mmea wa lulu ulikufia? Weka chini hilo jagi la maji kwanza

Unaujua, hata kama jina lake hulijui. Ni ule mmea unaoning'inia kutoka kwenye chungu kama ushanga wa kijani, nyuzi ndefu zilizojaa vijitufe vya ukubwa wa njegere. Uko nyuma ya kila msee anayejirekodi video za kupamba nyumba. Pengine na wewe ulinunua. Na pengine, kama wangu wa kwanza, ulikufa kabla mwezi kuisha.

Wangu niliununua kando ya Ngong Road kwa Sh600. Nilikuwa nimeacha chuo muhula huo, mwaka wa pili, karo imekataa kupatikana. Siku nzima niko kwa keja peke yangu, na kitu pekee kilichoonekana kunihitaji ni huo mmea. Basi nikauhudumia kama mtoto mchanga. Asubuhi maji, jioni maji. Wiki ya tatu lulu zikaanza kuwa laini na majimaji, zile zilizo karibu na udongo zikageuka kahawia. Nilipovuta uzi mmoja, ulitoka wote bila hata mzizi mmoja.

Nikaubeba nikarudi kwa muuzaji, nimekasirika, tayari kudai pesa zangu.

"Unaumwagilia mara ngapi, kijana?" akaniuliza.

"Kila siku, mzee."

Akacheka hadi akakohoa. "Hii si sukuma wiki. Umeizamisha."

Pesa hakunirudishia. Lakini alichukua makasi, akakata ncha saba ambazo bado zilikuwa ngumu, akazifunga kwa kipande cha gazeti na kunipa. "Panda hizi. Halafu uziache." Mimea yote niliyo nayo leo ilitoka kwenye hicho kipande cha gazeti. Ngoja nikueleze nilichojifunza, usije ukalipa Sh600 zako kama mimi.

Ni mtoto wa ukame

Wauzaji wengi watakuelewa ukisema "string of pearls". Jina la kisayansi ni Curio rowleyanus, lakini kwenye vitabu vya zamani utaupata kama Senecio rowleyanus. Kwao ni Afrika Kusini, sehemu kavu za Rasi. Huko haujaning'inizwa popote. Unatambaa chini, kwenye kivuli cha vichaka na mawe, na kila mahali uzi unapogusa udongo unatoa mizizi. Shika hilo la mwisho, tutalihitaji baadaye.

Zile lulu ni majani. Ni tangi za maji. Umbo la mviringo linaufanya mmea ubebe maji mengi huku ngozi inayopigwa na jua na upepo ikiwa ndogo, kwa hivyo maji hayapotei ovyo. Ukiangalia lulu moja kwa karibu utaona mstari mwembamba unaopitisha mwanga. Hilo ni dirisha. Mwanga unaingilia hapo hadi ndani ya jani, nako ndani chakula kinatengenezwa.

Sasa jiulize: mmea uliojijengea matangi mamia, wewe unaumwagilia kila siku wa nini? Mizizi yake ni myembamba na mifupi. Ikikaa kwenye tope inakosa hewa, inaoza. Na mizizi ikishaoza, hata ukiongeza maji hayafiki kwenye majani. Mmea unanyauka ukiwa umesimama ndani ya maji, wewe unadhani una kiu, unaongeza tena. Hivyo ndivyo nilivyoua wangu.

Usihesabu siku. Finya lulu kidogo. Ikiwa ngumu, achana nayo. Ikiwa imelegea kidogo, imeanza kukunjamana, na udongo umekauka kabisa, mwagilia hadi maji yatoke chini ya chungu, kisha uache tena. Kwangu Nairobi, Januari na Februari kukiwa na jua kali, hiyo huwa karibu kila baada ya wiki mbili. Julai, ile baridi ya kuvaa soksi mbili, naweza kumaliza mwezi mzima bila kuugusa. Kama mtaa wako maji huja kwa mgao, huu ndio mmea wako. Hautagombania ndoo na wewe.

Udongo wa shambani hapana

Kosa la pili ni kuchota udongo nje ya geti. Kama unaishi Embakasi, Syokimau au Athi River, udongo wako ni ule mweusi wa pamba, unaoshika maji kama sifongo na kupasuka ukikauka. Udongo mwekundu ni afadhali kidogo, lakini ukiwa peke yake kwenye kopo unashikana kama tofali.

Mimi huchanganya hivi: sehemu moja ya udongo mwekundu uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri, sehemu moja ya mchanga mkavu wa mjengo niliouosha, na sehemu moja ya vipande vya mawe mepesi yenye vitundu, ndugu wa yale ya kusugulia visigino. Ukiyakosa, ponda makaa yawe vipande vidogo kama punje za mahindi. Mwaga maji juu ya mchanganyiko wako. Yakisimama pale juu kama dimbwi, ongeza mchanga na mawe.

Chungu kiwe kifupi na kipana, si kirefu. Mizizi haiendi mbali, na udongo wa chini usio na mizizi unabaki na unyevu bure. Chungu cha udongo wa kuchomwa ndicho bora kwa sababu kinapumua, lakini kopo la mafuta ya kupikia linafaa pia. Pasha msumari moto, toboa matundu matano chini. Bila matundu, hata mchanganyiko bora hautakuokoa.

Dirisha lako si la London

Hapa ndipo video za ng'ambo zilinipoteza. Wanasema weka mmea kwenye dirisha linalotazama kusini. Kwao ni kweli, jua lao la mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko hapa kando ya ikweta. Nairobi, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki linahamia kusini. Kwa hivyo dirisha la kusini linalopata jua Desemba linaweza kukaa kivulini Juni.

Dirisha la mashariki ndilo halibadiliki sana. Linapata jua la asubuhi, lile pole, mwaka mzima. La magharibi linafaa pia, ila jua la saa tisa linaweza kuchoma lulu zikabaki na madoa. Tundika pazia jepesi, au usogeze mmea hatua moja ndani.

Kitu kingine ambacho watu hawasemi: mwanga lazima ufike juu ya chungu, pale nyuzi zinapoanzia. Wengi tunautundika juu karibu na dari ili ning'inio lipendeze. Nyuzi za chini zinapata mwanga, lakini kichwa kiko gizani. Baada ya miezi michache mmea una upara juu na nywele chini. Ushushe hadi kichwa chake kiwe usawa wa kioo.

Kuzalisha: kutoka mmoja hadi kumi

Unakumbuka nilisema huko kwao nyuzi zinatoa mizizi kila zinapogusa udongo? Kuzalisha ni kuiga hilo tu.

Chagua uzi wenye afya, lulu ngumu. Kata kipande cha urefu wa kidole au zaidi kwa makasi safi. Utomvu ukikugusa nawa mikono, maana unaweza kuwasha ngozi. Laza kipande mahali pakavu kwenye kivuli siku moja au mbili ili kidonda kikauke. Usiruke hatua hii. Kidonda kibichi kikikutana na udongo wenye unyevu, kuoza kunaanzia hapo.

Sasa usikichomeke kama mche wa sukuma. Kizungushe juu ya udongo kama kamba iliyokunjwa, kishina kiguse udongo, lulu zibaki juu. Pale jani linapoungana na kishina pana kifundo, na mizizi hutokea hapo. Vifundo vingi vikigusa udongo, mizizi mingi. Mimi hutumia vibanio vya nywele kushikilia kipande chini kisiinuke.

Nyunyiza maji kidogo udongo ukikaribia kukauka. Hapa ndipo unapoweza kumwagilia mara nyingi kuliko kawaida, kwa sababu kipande hakina mizizi bado, lakini kunyunyiza si kumwaga. Weka pale penye mwanga bila jua kali. Baada ya wiki mbili hadi nne, vuta polepole. Kikikataa kutoka, hongera, kimeshika.

Ukitaka kuona mizizi kwa macho, ng'oa lulu za chini, tumbukiza kishina kwenye glasi ya maji, lulu zenyewe zisilowe. Itatoka. Ila ukishahamisha kwenye udongo itabidi izoee upya, kwa hivyo mimi napendelea udongo moja kwa moja. Na usipoteze muda kupanda lulu moja moja bila kishina. Mara nyingi hukaa tu hapo hadi zikauke.

Vipande saba vya mzee, viwili vilioza. Vitano vilishika.

Ukiona pamba nyeupe kwenye vifundo, hao ni wadudu wanaofyonza utomvu. Chovya pamba kwenye spiriti ya duka la dawa, wafute mmoja mmoja, rudia baada ya wiki. Na kama una paka, mbwa au mtoto anayetia kila kitu mdomoni, tundika mbali nao. Lulu zinafanana na njegere lakini zina sumu na zinaweza kuleta kutapika na kuendesha.

Na doo je?

Najua umefika hapa ukiwaza biashara. Kuna video zinakuambia uache kazi uuze mimea. Mimi nitakupa hesabu yangu. Mwaka uliopita niliuza vikopo 14 kwa Sh250 kila kimoja, wateja wengi wakiwa majirani na marafiki wao. Hiyo ni Sh3,500. Mawe, mboji, vikopo na nauli vilikula Sh1,100. Nikabaki na Sh2,400 kwa mwaka mzima. Hiyo hailipi kodi ya bedsita hata mwezi mmoja.

Kwa hivyo usiache kazi. Anza na kopo moja, na usikope pesa kununua mimea.

Nilichopata kingine ni hiki. Mwezi wa Desemba nilimpelekea mama kikopo kimoja nyumbani. Mama ni mkulima. Alikizungusha mkononi akauliza, "Na hii inaliwa?" Nikamwambia hapana, tena ina sumu. Akanitazama vile mama hutazama mtoto aliyeacha chuo.

Tangu nitoke chuoni, simu zetu zilikuwa na swali moja tu: utarudi lini? Nilikuwa nimefika mahali naziacha zilie. Februari akapiga nikashika bila kuangalia jina.

"Hizi shanga zako zimekunjamana," akasema. "Nimwagilie?"

"Udongo umekauka, mama?"

"Umekauka."

"Basi mwagilia. Halafu uache."

Tukaongea dakika 20. Chuo kilitajwa mwishoni, na kwa mara ya kwanza sikukata simu. Bado sijui nitarudi lini, lakini tumeanza kuhesabu pamoja deni ni kiasi gani.

Wako ukifa, usitupe chungu kabla hujakagua ncha. Kata zile ambazo bado ni ngumu, ziache zikauke siku mbili, uanze tena. Na ukifanikiwa, mpe mtu kipande. Mwambie tu asimwagilie kila siku.