Mabingwa Waliotuachia Matundu

Kuwapa tuzo viumbe wanaotoboa mawe baharini ni kazi ngumu, kwa kuwa bingwa mwenyewe kwa kawaida hayupo. Mwili laini umeoza, limebaki tundu. Wataalamu wameamua kulipa tundu lenyewe jina la Kilatini, kana kwamba nalo ni mnyama. Kwa hiyo orodha hii ni ya matundu kwanza, wenyewe baadaye.

Tuzo ya ukongwe ina wagombea wengi kuliko inavyostahili. Tukihesabu vitobo vya hadubini, ushindi ni wa sianobakteria wa Uchina, waliojichimbia ndani ya chembe za chokaa zaidi ya miaka bilioni 1.5 iliyopita. Tukitaka kazi ya mnyama, Uchina inarudi tena: huko Shaanxi, vijibomba vya Cloudina, kiumbe wa kale wa baharini, vya miaka milioni 550 hivi vina vitobo vya duara visivyofika hata nusu milimita. Lakini aliyevitoboa yaelekea alikuwa akitafuta chakula, na mwizi aliyevunja ukuta hahesabiwi kuwa mpangaji. Mimi nawapa tuzo wakazi wa miamba ya Labrador, Kanada, waliotangazwa mwaka 1977: vishimo vyembamba vilivyonyooka, viitwavyo Trypanites, vya zaidi ya miaka milioni 510. Hapo kuna aliyechimba ili akae.

Kwa ukubwa, enzi zote za kale kabla ya dinosauri zinamsujudia Osprioneides kampto wa visiwa vya Gotland, Sweden, na Saaremaa, Estonia. Kina chake hufika sentimita 12 ndani ya sponji wa kale waliogeuka jiwe. Mchimbaji anadhaniwa kuwa mnyoo.

Tundu linalonishangaza zaidi, hata hivyo, si kubwa wala si kongwe. Liko Vallis Vale, Somerset, Uingereza. Pale tabaka za mawe ya chokaa za zama za Kaboni zimelala mshazari, vichwa vyao vimekatwa sawasawa, na juu yao yamelala mawe ya manjano ya zama za Jura, yaliyonyooka. Ukiukaribia mpaka wenyewe, utaona matundu yameshuka kutoka juu na kuingia kwenye jiwe la chini, yamejaa mchanga wa manjano ulioganda. Yaani bahari iliporudi, miaka milioni 170 hivi iliyopita, sakafu waliyoikuta minyoo na chaza ilikuwa tayari jiwe gumu lenye umri wa zaidi ya miaka milioni 150. Bila matundu hayo, mtu angeweza kubisha kwamba jiwe la chini lilikuwa bado tope. Tope halitoboki hivyo.

Upande wa waliojibandika juu badala ya kuingia ndani, hakuna wa kushindana na Holzmaden, Ujerumani. Katika Jumba la Makumbusho la Hauff kuna bamba lenye urefu wa mita 18: gogo lililoelea baharini miaka milioni 180 iliyopita, likiwa limening'iniwa na krinoidi, wanyama wa ukoo wa viti vya pwani, wenye mashina marefu kama kamba. Utafiti wa mwaka 2020 ulikadiria kwamba gogo la namna hiyo liliweza kuelea hadi miaka 20 kabla ya kuzama na abiria wake. Siku hizi gogo haliwezi kudumu muda mrefu hivyo: chaza wanaokula mbao, wale wanaotafuna vyombo vyetu, wangelimaliza mapema. Zama hizo walikuwa bado hawajatokea.

Umaarufu nao una tuzo yake, nayo inakwenda Pozzuoli, Italia. Nguzo tatu za marumaru za soko la Kirumi zilifukuliwa katikati ya karne ya 18. Mita 3.6 za chini ni laini, kwa sababu zilikuwa zimefukiwa; kisha unafuata ukanda wa karibu mita 2.7 uliotobolewa kila upande na Lithophaga, kome anayeyeyusha chokaa kwa kemikali za mwili wake. Juu ya hapo, marumaru safi tena. Charles Lyell aliweka mchoro wa nguzo hizo mwanzoni mwa kitabu chake cha jiolojia cha mwaka 1830. Ardhi ya volkano ilishuka baharini na nguzo zikiwa wima, ikapanda tena, na kome ndio walioandika kipimo. Jamaa za kome huyo wanatoboa matumbawe ya pwani yetu mpaka leo.

Kwa ukaidi, taji ni la Osedax, mnyoo asiye na kinywa anayeota mizizi ndani ya mifupa ya nyangumi. Alijulikana mwaka 2002 tu, huko Monterey, California, lakini matundu yake yamepatikana katika mfupa wa plesiosauri, mtambaazi wa kale wa baharini, wa miaka milioni 100 hivi. Alikuwepo kabla nyangumi hawajawepo.

Na kuna mshindani mmoja anayewatia wasiwasi waamuzi. Lithoredo abatanica, aliyeelezwa mwaka 2019 kutoka kisiwa cha Bohol, Ufilipino, ni wa ukoo wa wale walaji wa mbao, ila yeye hutafuna jiwe la chokaa na kulimeza. Anaishi mtoni, katika maji baridi. Miaka yote jiwe lililotobolewa na chaza limesomwa kuwa ushahidi wa pwani ya kale. Sasa anayelisoma itambidi atazame kwanza umbo la tundu.