Picha ya sebuleni: iliyochorwa kwa mkono au ya kuchapwa?

Ukishamaliza kulipia kochi, zulia na kabati la runinga, kinachobaki ni ukuta. Hapo ndipo baba na mama huanza kuvutana. Mmoja ameona kwenye simu seti ya paneli tatu zenye maua, bei nafuu, bodaboda anazileta mpaka mlangoni. Mwingine hajasahau ile picha ya twiga na ndege aliyoikuta Oysterbay ikichorwa mbele ya macho yake, ila akitajiwa bei anajiuliza ni ada ya mtoto yupi itakayosubiri.

Tuanze na kujua unachouziwa, maana wengi hulipa bei ya mkono wakaondoka na kazi ya mashine. Isogeze picha dirishani, uiinamishe kidogo mwanga uipige kwa ubavu. Rangi iliyopakwa kwa brashi huwa na vilima na mabonde, mahali nene, mahali nyembamba. Kisha ichukue simu yako, ivute kamera karibu kabisa: picha nyingi za kuchapwa zitakuonyesha vidoti vidogo vya wino. Geuza na nyuma uone. Siku hizi kuna ujanja wa kupaka gundi inayong'aa juu ya picha ya mashine ili ionekane ina michirizi ya brashi. Utaugundua kwa sababu michirizi hiyo haifuati mchoro. Inapita juu ya jicho la simba na majani ya nyuma yake bila kujali.

Kwetu kuna aina ya tatu inayowachanganya wanunuzi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 akitumia rangi za kung'aa za kupaka baiskeli juu ya vipande vya mbao za hadibodi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza mtindo, na leo unabeba jina lake. Ndiyo maana chui yule yule utamkuta kwenye vibanda vitano, vyote amechorwa kwa mkono. Si picha ya kuchapwa, lakini pia si ya pekee. Kwa maoni yangu hakuna aibu kuinunua, ila usilipe bei ya kitu ambacho hakina mwenzake duniani. Muulize aliyeichora kama ana kazi aliyoibuni mwenyewe. Mara nyingi anayo, imeegemezwa nyuma, na akiitoa hata namna anavyoizungumzia hubadilika.

Na si kila chapa ni ya kudharau. Kuna wasanii wanaochonga mchoro kwenye ubao au bati, wanapaka wino na kuchapa nakala chache kwa mkono, wanazisaini kwa penseli na kuzipa namba. Ukiona 7/30 chini ya picha, maana yake ni nakala ya saba kati ya thelathini. Kwa familia yenye kipato cha kawaida, naona huu ndio ununuzi wa akili kuliko yote: kazi ya msanii halisi, kwa bei ya chini ya mchoro wake mkubwa.

Ninaandika habari za afya, kwa hiyo naomba niseme na yale ambayo muuzaji huwa hana haraka ya kuyataja. Rangi za mafuta zinazong'aa, baadhi yake, huwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa binadamu, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi kwa sababu inadhuru ubongo unaokua. Usiogope ukaishusha picha uliyonayo. Risasi haimwingii mtoto kwa kuitazama ukutani, inaingia kwa mdomo na kwa vumbi. Kwa hiyo muulize mchoraji ametumia rangi gani, itundike juu mtoto asipofika, usiipige msasa, na ikianza kubanduka vigamba iondoe. Picha mpya inayonuka rangi ikae kwanza mahali penye hewa hadi harufu iishe. Usiipeleke chumba anacholala mtoto mchanga.

Hatari ya picha za kuchapwa ni nyingine: kioo. Fremu nzito yenye kioo juu ya kitanda cha mtoto, ikishikwa na msumari mmoja kwenye plasta iliyolegea, ni ajali inayosubiri mlango ubamizwe. Mwombe fundi wa fremu akuwekee plastiki ngumu badala ya kioo, na tumia misumari miwili.

Mnaoishi nyumba za kupanga mna hesabu yenu. Mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, na kila baada ya mwaka au miwili mnapakia vitu kwenye Kirikuu. Picha nyepesi ya kuchapwa haina presha. Ikikwaruzwa njiani hamlali njaa. Hapo sioni sababu ya kukopa kwenye kikoba ili ununue mchoro mkubwa. Ila ukinunua ya kuchapwa, jua kwamba wino wa bei rahisi hupauka haraka ukipigwa na jua la mchana, na karatasi haipatani na unyevu wa Dar es Salaam au Tanga. Iache mbali kidogo na ukuta wa bafu, na msimu wa mvua ishushe uangalie ukungu mgongoni.

Kuna jambo moja ambalo nalipinga waziwazi: kushusha picha ya msanii kwenye intaneti na kwenda kuichapisha stesheni bila ruhusa yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda, na yeye pia ana watoto wanaosubiri ada. Mwandikie tu. Wapo watakaokuuzia nakala.

Mwaka 2019 ofisi ya WHO ya Ulaya ilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, ikaona mchango mkubwa wa sanaa katika kuzuia maradhi na kusaidia wagonjwa. Ripoti hiyo haikuambii ununue mchoro wa gharama. Sehemu kubwa ya faida inayozungumzwa ni ya watu kushiriki: kuimba, kucheza, kuchora.

Kwa hiyo kabla hujalipia zile paneli tatu, pekua daftari la mwanao. Chagua ukurasa mmoja aliouchora vizuri, mpelekee fundi wa fremu.