Uzi Uliofichika Kidoleni

Mji wa Songea umejengwa zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai huwafanya akina mama wawavike watoto wachanga soksi za sufu usiku na mchana. Ndani ya soksi huweza kuwamo uzi uliofumuka, au unywele mmoja wa mama, ambaye nywele zake hupukutika sana katika miezi inayofuata uzazi. Mtoto akirusharusha miguu, uzi hujizungusha kidoleni. Hulia asinyamaze hata akinyonyeshwa, na nyumbani hudhaniwa kuwa ana chango.

Mwaka 1628 daktari Mwingereza, William Harvey, alichapa kitabu juu ya mwendo wa damu, akaeleza jinsi mkono unavyobadilika ukifungwa kitambaa. Kikikazwa sana, kiganja hupoa na mapigo hutoweka. Kikilegezwa kidogo, kiganja hujaa damu na kuvimba. Sababu ni kwamba ateri, ziletazo damu kutoka moyoni, zina kuta nene na msukumo mkubwa. Vena, ziirudishazo, zina kuta nyembamba na msukumo dhaifu, hivyo huzibwa kwanza. Damu huingia, lakini hutoka kwa shida.

Kidoleni huwa vivyo hivyo. Maji ya damu huvujia katika tishu, kidole hufura, na kadiri kinavyofura ndivyo uzi unavyozidi kukikaza. Mwishowe ateri nayo huzibwa, na kidole chaweza kufa. Unywele ni mbaya zaidi: hurefuka ukilowa, hufupika ukikauka, na ngozi iliyovimba huufunika usionekane. Si ajabu watu wakidhani ni jipu.

Selimundu pia huvimbisha mikono na miguu ya watoto, lakini mara nyingi baada ya umri wa miezi sita, na uvimbe huenea kiganja au wayo mzima. Uvimbe wa uzi una mpaka: upande mmoja wa mfuo ngozi ni ya kawaida, upande wa pili imefura. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi. Basi utafutwe mfuo.

Mtoto aliaye bila sababu avuliwe nguo zote, soksi zipinduliwe, kila kidole kitazamwe penye mwanga, na uume wa mtoto wa kiume usisahauliwe. Uzi usioshikika uachiwe mganga hospitalini, upesi, siku hiyo hiyo. Naye akiisha kuukata hungoja aone rangi ikirudi, kwani mara nyingi unywele huwa umezunguka zaidi ya mara moja.