Dua ya Safari na Mkono wa Kiburi

Miaka mingi tulikwenda kusomesha kwa baiskeli, na upepo wa Ufipa haumhurumii mzee. Alhamdulillahi, akiba isiyo na riba ilipotimia, tulikwenda Sumbawanga mjini kuchukua pikipiki yetu mpya.

Tulikabidhiwa risiti na kadi. Fundi akatuusia tusiikimbize mashine kwa kilomita 500 za mwanzo, mpaka izoee. Tukavaa kofia ngumu, tukasoma dua ya kupanda chombo iliyomo katika Sura Az-Zukhruf, aya ya 13 na 14, tukashika njia ya Laela.

Huku juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, baridi hupenya hata koti. Tulikwenda taratibu. Tulipokaribia kijijini, vijana wawili wakatupita wakicheka mwendo wetu. Nafsi ikachomwa, mkono ukaongeza mafuta, tukawafukuza. Penye mteremko, mtoto akakatiza njia akifuata mbuzi. Tukakamata breki, gurudumu likateleza, tukasimama hatua mbili tu mbele yake.

“Shikamoo, maalimu,” akasema. Alikuwa mwanafunzi wetu. Hatukuweza kuitika.

Dua ile humkumbusha mpandaji kwamba atarejea kwa Mola wake. Sisi tuliisoma kwa ulimi, kisha nusura tumrejeshe mtoto wa mwenzetu. Enyi vijana, na enyi wazee wenzetu, dua haikamiliki mpaka mkono nao utii. Tangu siku hiyo, anayetupita njiani twamwombea salama, nasi twaendelea polepole.