Kitendawili, ungo wa senene na kete za bao

Swali ninaloulizwa zaidi na wazazi wa Bukoba mjini ni la dukani: ninunue mchezo gani ili akili ya mtoto ichangamke? Wazazi wa Muleba, kuanzia Kamachumu hadi Rubya, huja na wasiwasi mwingine: sina hela ya kununua michezo, je, mwanangu atabaki nyuma? Nawajibu wote jibu moja. Michezo inayojenga lugha na hesabu ya mtoto imo nyumbani tayari. Kinachokosekana ni mtu mzima wa kuketi na kuicheza.

Hali ya hewa yetu yenyewe inasaidia. Mwambao wa Ziwa Victoria upande wa Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, miongoni mwa nyingi zaidi nchini, na siku si haba familia nzima hukutwa ndani. Jua nalo huchelewa kuzama kwetu kama nusu saa kuliko Dar es Salaam, kwa kuwa tuko magharibi ya mbali na saa ni ileile. Kati ya kurudi kutoka kibanjani na kupakuliwa chakula cha usiku kuna muda ambao ndizi zinachemka na hakuna mwenye haraka. Muda huo ndio ninaouzungumzia.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi wenye nguzo tano: afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Tanzania ikazichukua nguzo hizo katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Malezi yenye mwitikio husikika kama jambo la semina, lakini ni hivi tu: mtoto akitoa ishara, mkubwa anaijibu, mkubwa akisema, mtoto anapewa nafasi ya kujibu. Kwa maoni yangu hakuna mchezo unaotimiza hilo vizuri kama kitendawili.

Tukitazame kwa karibu. Mtegaji anaita, "Kitendawili!" Wote wanaitika, "Tega!" Hapo tayari kila aliyemo chumbani ameshiriki, hata wa miaka mitatu. Kisha anatega: "Amezaa mara moja tu tukamkata, wanawe wamebaki uani." Mtoto anayezijua ndizi za sokoni pekee atataja mbuzi, atataja kuku. Aliyekulia kibanjani atajiuliza: ni nani huzaa mara moja? Mgomba. Mgomba hutoa mkungu mmoja, shina lile halizai tena, na machipukizi yaliyo pembeni ndiyo yanayoendeleza ukoo. Ili alifikie jibu, mtoto alipaswa awe amewahi kuutazama mgomba, akumbuke alichokiona, kisha aiache maana ya kwanza iliyomjia na kuijaribu ya pili. Kuiacha ile ya kwanza ndiko kugumu. Watoto wengi wa miaka minne au mitano hawajafika hapo. Hurudia kitendawili cha jana ambacho jibu lake wanalijua, wakacheka kana kwamba ni kipya. Waacheni wacheke. Wakikaribia miaka saba au minane huanza kutunga vyao, vingine visivyo na kichwa wala miguu, na mzazi mwenye busara huvipokea vyote.

Wakishindwa, mtegaji anadai mji. "Nipeni mji!" "Tunakupa Mwanza." "Siutaki." "Tunakupa Dodoma." Mpaka aridhike, ndipo anasimulia alivyofika huko na kukuta watu wanafanya nini, na mwisho anafichua jibu. Nawaomba wazazi wasiiruke sehemu hii kwa kuona inachelewesha. Fikirieni nyumba zetu za Kihaya: mtoto huyuhuyu jioni alipiga magoti kumsalimia bibi yake. Baada ya saa moja anamdai bibi mji, anaukataa, anadai mwingine, na bibi analipa. Heshima haikuvunjika, na kesho atapiga magoti tena. Lakini kwa dakika chache alikuwa na jambo asilolijua mkubwa, na mkubwa akakubali kushindwa naye. Mtoto aliyeonja hilo nyumbani hupata ujasiri wa kunyoosha mkono darasani.

Ngano hufuata mkondo huohuo wa kuitikiana. Mtafiti wa fasihi simulizi kutoka Marekani, Peter Seitel, alizirekodi ngano za Wahaya mwishoni mwa miaka ya 1960, enzi mkoa ukiitwa Ziwa Magharibi, na mwaka 1980 akatoa kitabu chenye jina linalotokana na maneno ya wasikilizaji wanapomwitikia msimulizi. Msimulizi anasema alikuja akaona. Wao wanamtaka aone ili nao waone. Ni wajibu mzito huo: anatumwa akatazame kwa niaba yao. Ndiyo maana bibi anayejua kusimulia husita kila mara akasubiri waitikie, na akisikia kimya anajua wamelala.

Nije kwenye mikono, maana jambo hili limesahaulika. Mazungumzo mazuri na watoto hayapatikani kwa kukaa mkitazamana usoni. Yanapatikana mikono ikiwa na kazi na midomo ikiwa huru. Kazi hizo tunazo: kumenya ndizi, kuchambua maharage, na juu ya zote, senene. Wanapotua msimu wa mvua za Novemba na Desemba, na tena karibu na Aprili na Mei, huvutwa na taa usiku, na nyumba nzima huamka. Zamani wanawake ndio waliookota na kuandaa, ilhali walaji walikuwa wanaume. Siku hizi kila mtu anakula, na ni vyema. Kuchambua ni kazi ya subira: mabawa, miguu, kisha anatupwa kwenye ungo mwingine. Vidole vidogo vya mtoto wa miaka sita vinaiweza kazi hii vizuri kabisa. Mpeni swali la kufanya humo humo: wa kijani wangapi, wa kahawia wangapi, nani ana wengi? Atapanga makundi, atahesabu, atalinganisha, na mambo hayo matatu ndiyo msingi wa hisabati ya darasa la awali. Baadaye watakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, na aliyechambua atakula kwa fahari.

Bao ni la wakubwa kidogo. Lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete 64. Wasio na la mbao huchimba mashimo uani. Mtoto aanze na safu mbili. Tuseme katika shimo la tatu kuna kete tano: akizisambaza moja moja kuanzia shimo linalofuata, ya mwisho itaangukia la nane. Zikiwa sita itabidi akunje kona. Mwanzoni atagusa kila shimo kwa kidole. Siku moja mtaona kidole kimetulia, macho ndiyo yanayohesabu. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao. Mdako una faida yake kwa mkono na jicho, drafti ya vizibo vya soda hufundisha kufikiri kabla ya kusogeza. Karata sizikatai, ila pesa isiingie kabisa.

Kinachoua michezo hii, nimekiona katika nyumba nyingi, ni mzazi kuigeuza mtihani. Anasahihisha kila neno, anamlinganisha huyu na mwenzake, anataka jibu haraka. Mtoto hunyamaza, kisha huomba simu. Kingine ni televisheni iliyoachwa ikinguruma bila mtazamaji, kwa kuwa masikio ya mtoto mdogo hupata shida kuitenga sauti ya mama na sauti ya tangazo.

Likizo ya Desemba huja na mvua, senene na watoto wote nyumbani. Zimeni televisheni kuanzia saa moja usiku hadi chakula kiive, wekeni ungo katikati, na mtegaji wa kwanza awe mdogo kuliko wote.