Bwawa la Maruba: Maji Matulivu Yanayotaka Tahadhari

Shule zinapofungwa, familia nyingi za Pwani hupanda bara kuwazuru jamaa, na Machakos ni mojawapo ya miji inayotembelewa. Wageni waliozoea upepo wa bahari hufurahi kukuta, katika mji ulio yapata mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji mapana yaliyotulia. Hilo ni Bwawa la Maruba, ambalo kando yake serikali ya kaunti ilifungua bustani ya mapumziko ya Machakos People's Park mwaka 2014.

Maruba si ziwa la asili. Mto ulizibwa ili mji upate maji, na hadi leo bwawa hilo ni mtungi wa wakazi wake. Adui wake mkubwa ni udongo. Mvua huuteremsha kutoka milimani, nao hutuama chini na kupunguza kina. Wakulima wa Ukambani wameupinga mmomonyoko huo kwa miaka mingi kwa kuchimba matuta ya «fanya juu», jina la Kiswahili ambalo limeingia katika vitabu vya kilimo vya dunia. Kila tuta linaloshika udongo shambani huyapa uhai maji yaliyo bondeni.

Samaki wanaojulikana zaidi katika mabwawa ya bara ni perege na kambare. Samaki wa maji baridi ni halali kama wa baharini, wala hahitaji kuchinjwa. Kambare hana magamba, lakini kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu Pwani, hilo halimharamishi. Anayetaka kutupa ndoano na aulize kwanza kuhusu kibali, na akinasa kitoto cha samaki akirudishe majini.

Jambo tunalotaka kulisisitiza kwa wazazi ni usalama. Mtoto aliyelelewa karibu na bahari hudhani anayajua maji yote. Maji ya chumvi humwinua mwogeleaji; maji baridi hayamwinui kiasi hicho. Ufuoni mchanga ni mgumu na chini huonekana. Bwawani kuna tope linaloshika miguu, na maji ya rangi ya udongo huficha shimo. Maji kupwa hayapo, basi hakuna saa ya kusubiri yapungue. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Tena katika maji yaliyotuama ya bara huweza kuwamo konokono wanaoeneza kichocho. Kwa hiyo watoto wasiogelee wala kutembea majini, hata pale panapoonekana pa kina kifupi.

Mnapopanda mashua, kila mmoja na avae jaketi la kuokolea, mkubwa kwa mdogo. Akina mama, jaketi livaliwe juu ya buibui na kufungwa sawasawa, kwani nguo pana ikilowa huwa nzito na kumvuta mtu chini. Ikiwa majaketi hayatoshi, msipande. Mmoja wa watu wazima apewe kazi ya kuwatazama watoto tu, simu ikiwa mfukoni.

Adabu nayo isisahauliwe. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wa sallam, amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na hapa hekima yake inaonekana wazi, kwa kuwa maji haya hunywewa na wakazi wa mji. Nepi na mifuko ya vyakula irudi nyumbani pamoja nasi. Chukueni mkeka na birika la maji ya udhu. Kibla cha Machakos ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo. Aliye safarini anayo ruhusa ya kupunguza sala, lakini hana ruhusa ya kuiacha kwa ajili ya matembezi.

Mapumziko ni neema, na watoto ni amana. Mwenyezi Mungu azirejeshe familia zetu nyumbani salama, hali zimetimia. Amin.